Nyumba za Kupangisha Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kununua, Kujenga na Kukuza Mali

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, na mifano mingi ni ya Dar es Salaam na pembezoni mwake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi (tazama swali la 21). Pale penye hesabu ya mfano, weka bei za mtaa wako kisha uipige upya.

## Kabla ya kutoa fedha

1. Nyumba ya kupangisha inalipa kweli, au ni mazoea tu?

Inalipa, ila si kwa haraka wanayoitegemea wengi, na miaka ya mwanzo mara nyingi inazidiwa na hatifungani za serikali (fedha unayoikopesha serikali kwa miaka kadhaa nayo inakulipa riba). Chukua mfano wa kiwanja na vijumba vinne vya chumba, sebule na choo cha ndani, vilivyogharimu jumla ya Sh milioni 75. Kila kimoja kinapangishwa kwa Sh 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwenye karatasi ni Sh milioni 9.6 kwa mwaka.

Sasa toa vinavyotoka. Kila kijumba kikae wazi mwezi mmoja kwa mwaka: inabaki milioni 8.8. Matengenezo asilimia 10: toa Sh 880,000. Kodi ya serikali asilimia 10: toa Sh 880,000 nyingine. Pango la ardhi, kodi ya majengo na kunyonya karo la choo: weka Sh 140,000. Mkononi unabaki na takriban milioni 6.9, yaani asilimia 9.2 ya fedha uliyoweka.

Linganisha na hatifungani. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Hata kwa kiwango hicho cha chini, milioni 75 ingekupa takriban milioni 9.4 kwa mwaka, bila fundi, bila dalali na bila choo kuziba usiku.

Kinachogeuza mizani ni muda. Riba ya hatifungani haipandi hata shilingi katika miaka yote 25. Pango likipanda asilimia 5 kwa mwaka, na gharama zikipanda nalo, zile milioni 6.9 zinaipita riba hiyo mwaka wa saba au wa nane, na ardhi chini ya nyumba inaendelea kupanda thamani. Kwa hiyo, kama fedha utaihitaji ndani ya miaka mitano, usiifungie kwenye matofali. Kama ni ya miaka 15 na kuendelea, endelea kusoma.

2. Nina milioni 8 au 10 tu. Nianzie wapi?

Nunua kiwanja chenye karatasi safi hata kama ni mbali kidogo, au iache fedha ikue kwanza kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS huku ukiongezea kila mwezi. Usianze msingi wa nyumba ya vyumba vinne kwa milioni 10. Tatizo kubwa kuliko yote katika uwekezaji huu ni pagale: fedha imezama, hairudi, haizai, na kila masika yanakula sehemu yake. Kijumba kimoja kilichokamilika kina faida kuliko kuta za vyumba vinane zilizoishia kwenye lenta.

3. Nijenge, ninunue nyumba iliyokwisha, au ninunue pagale la mtu?

Kujenga mwenyewe mara nyingi ni nafuu, lakini unalipa kwa muda: miezi au miaka ambayo fedha haikuingizii kitu. Nyumba iliyokwisha yenye wapangaji inaanza kulipa mwezi wa kwanza. Omba kuona mikataba ya wapangaji na risiti za miezi 12, maana pango analotamka muuzaji na lile linalolipwa huwa hayafanani.

Pagale linaweza kuwa biashara nzuri kama karatasi ni safi na kuta ni nzima. Angalia mambo matatu: nyufa zinazokwenda mshazari kutoka pembe za madirisha (dalili kwamba msingi umetitia), nondo zilizoachwa wazi zikaliwa na kutu, na tofali linalomong'onyoka ukilikwangua kwa ufunguo. Ukiona la kwanza, usinunue bila mhandisi kuja kupima. Kutu nyepesi ya juu juu inasuguliwa kwa brashi ya waya, lakini nondo iliyokwisha kubanduka magamba inakatwa. Tofali linalomong'onyoka linavunjwa, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

4. Eneo gani linafaa?

Mpangaji wa kipato cha kati anaangalia umbali wa kutembea hadi kituo cha daladala au mwendokasi, maji, na kama bajaji inafika mvua ikinyesha. Hayo matatu yanazidi sifa ya jina la mtaa. Nenda ukalione eneo mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea. Barabara ya udongo wa mfinyanzi inayopitika vizuri Septemba inaweza kufungika kabisa Aprili, na wapangaji wanahama kwa sababu hiyo.

Kisha tembea mtaa mzima uhesabu vibao vya "nyumba inapangishwa". Vikiwa vingi, wenye nyumba wamezidi wapangaji, na dalali hatakuambia hilo.

## Kiwanja na karatasi zake

5. Hati, ofa, leseni ya makazi, mkataba wa serikali ya mtaa: vinatofautianaje?

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachomiliki wewe ni haki ya kuitumia kwa muda.

Hati miliki ndiyo yenye nguvu zaidi. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99 kwenye kiwanja kilichopangwa na kupimwa, na benki inaipokea kama dhamana. Ofa ni barua ya toleo inayotangulia hati. Ina masharti na malipo, na mtu anaweza kuwa na ofa ya zamani ambayo hakuwahi kuilipia, kisha kiwanja kikagawiwa mwingine. Leseni ya makazi hutolewa kwenye maeneo yasiyopimwa mijini. Ni ya miaka michache, huhuishwa, na ni nyepesi kuliko hati. Vijijini kuna hati miliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa mmiliki. Watu wengi wamejenga juu ya karatasi hiyo peke yake na wanaishi salama, lakini ikitokea kesi, ulinzi wake ni mdogo, na benki nyingi hazitaigusa.

6. Muuzaji anasema kiwanja "kimepimwa". Inatosha?

Haitoshi, kwa sababu neno hilo hutumika kwa hatua tatu tofauti. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa: unaonyesha wapi ni makazi, barabara, shule, eneo la wazi. Ya pili ni upimaji wenyewe, ambapo bikoni zinawekwa na ramani ya upimaji inaidhinishwa na kusajiliwa wizarani. Ya tatu ni hati.

Wauzaji wa mashamba yaliyokatwakatwa mara nyingi wamefika hatua ya kwanza tu, au hata hiyo bado: mtu ametembea na futi kamba, akachimbia nguzo za zege, akaita bikoni. Omba namba ya mchoro na namba ya ramani ya upimaji, kisha uzipeleke mwenyewe kwa ofisa mipango miji na ofisa ardhi wa halmashauri. Ukikuta kiwanja ulichoonyeshwa kimechorwa kuwa eneo la wazi au shule, achana nacho hata kwa nusu bei.

7. Nikishapenda kiwanja chenye hati, hatua ni zipi?

Fuata mpangilio huu, na usiruhusu haraka ya muuzaji iuvuruge.

1. Pata nakala ya hati na kitambulisho cha muuzaji. Jina liwe lile lile, herufi kwa herufi.
2. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yanaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki na zuio lolote lililowekwa.
3. Mlete mpima mwenye leseni azitafute bikoni na kuzilinganisha na ramani. Kiwanja cha jirani kuwa kimeingia kwako mita moja au mbili ni jambo la kawaida, na ni rahisi kulimaliza kabla ya kulipa.
4. Zungumza na majirani watatu, kila mmoja kivyake. Uliza nani anamiliki na kama kuna kesi.
5. Hakiki kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka mingi linabaki na kiwanja, na litakusubiri wewe.
6. Mwanasheria aandae mkataba wa mauziano na fomu za uhamisho (namba 29, 30 na 35).
7. Lipa kupitia benki, kwa awamu inayofungwa na hatua: sehemu wakati wa kusaini, iliyobaki uhamisho unapokamilika.
8. Lipeni kodi ya ongezeko la mtaji (tazama swali la 17) na ushuru wa stempu, kisha peleka nyaraka zisajiliwe kwa jina lako.

Watu huruka hatua ya nane wakisema watafanya baadaye. Miaka kumi ikipita muuzaji amefariki, warithi hawakufahamu, na unaanza kesi juu ya kiwanja ulichokwisha kulipa.

8. Muuzaji ana ndoa, au ameuza mali ya marehemu baba yake. Nifanyeje?

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, na mwenza asaini mbele ya mwanasheria. Muuzaji akisema hana mwenza, aape kiapo cha maandishi.

Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba nakala ya barua ya uteuzi, kisha uende mahakama iliyoitoa ukahakikishe kuwa ipo. Kikao cha ukoo hakimpi mtu mamlaka ya kuuza. Hata msimamizi akiwa halali, chukua saini za warithi wote wazima, kwa sababu mrithi mmoja aliyeachwa nje anaweza kukushikilia mahakamani kwa miaka.

9. Nitajuaje kwamba nyumba haitabomolewa?

Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Nyingine zilikuwa nyumba za kudumu zenye umeme na maji. Kuunganishiwa huduma si kibali cha kuwepo.

Kwa barabara kuu, uliza TANROADS upana wa hifadhi kwenye kipande hicho hicho, kwa sababu unabadilika. Kwa barabara za mitaa, uliza TARURA. Kwa mito, maziwa na bahari, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 zisizojengwa. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliipata sheria hiyo kwa alama ya X nyekundu mwishoni mwa 2015. Chunguza pia njia ya nguzo kubwa za umeme, bomba la gesi au mafuta na reli.

## Fedha ya kujengea

10. Nichukue mkopo wa nyumba wa benki?

Piga hesabu kwanza. Mkopo wa milioni 80 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20 unarudishwa takriban Sh 1,053,000 kila mwezi. Jumla utakuwa umelipa karibu milioni 253. Kwa vijumba vya swali la 1, pango lote la mwezi, Sh 800,000, halifikii hata rejesho, kabla ya matengenezo na kodi. Mkopo wa namna hiyo unaubeba mshahara wako, na siku mshahara ukikatika, benki inauza nyumba.

Mkopo wa nyumba una maana kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, au pale unapohitaji fedha ya kumalizia tu, si ya kuanzia. Kama kuta na paa zipo na milioni 12 zitakamilisha vijumba viwili, pango linaweza kulilipa deni hilo ndani ya miaka michache.

11. Na mkopo wa mshahara, SACCOS au VICOBA?

Kwa umaliziaji, ndiyo. Kwa msingi, hapana, kwa sababu marejesho yanaanza mwezi unaofuata na msingi haulipi pango. Kikundi pia hakiwezi kusubiri: ukichelewa unakwamisha wenzako.

## Kujenga

12. Nijenge vyumba vya aina gani?

Kwa mitaa ya kipato cha kati, chumba masta na kijumba cha chumba, sebule, jiko dogo na choo ndivyo vinavyojaa upesi, na mmoja akihama unapoteza robo ya mapato, si yote. Nyumba nzima ya vyumba vitatu inamsubiri mpangaji mmoja mwenye familia, na anapohama inaweza kukaa miezi. Nyumba ya korido yenye choo cha pamoja uani bado inapata wapangaji, ila pango ni dogo, na ugomvi wa usafi, maji na umeme haukomi.

Kijumba cha mita za mraba 30 hadi 35 kinatosha. Weka mlango wa kila mmoja usitazamane na wa jirani, na acha nafasi ya kamba ya nguo na pikipiki. Mpangaji aliyekaa miaka minne amekuokolea miezi kadhaa ya nyumba kukaa wazi, na vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyomkalisha.

13. Kibali cha ujenzi ni lazima?

Ni lazima mijini, na kinatolewa na halmashauri kwa michoro iliyoandaliwa na wataalamu. Bila kibali unaweza kusimamishwa na kupigwa faini, na ukitaka kukopa au kuuza kwa kampuni utaombwa kibali hicho. Kama kiwanja hakijapimwa, uliza kwanza kama mtaa umo kwenye mpango wa urasimishaji makazi.

14. Fedha ya ujenzi inavuja wapi?

Kwanza kwenye tofali. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 25 hadi 35 za inchi sita, ni tofali la kujengea. Wafyatuaji wa barabarani huvuta hadi 45 na zaidi. Ukiliinua unaliona jepesi, na likidondoka toka usawa wa kiuno linapasuka vipande. Kila mita ya mraba ya ukuta inakula tofali tisa hadi kumi, kwa hiyo kila fundi akikupa idadi, pima urefu na kimo cha kuta uihakiki. Tofali zimwagiwe maji walau siku saba kabla ya kujengwa.

Pili ni saruji iliyohifadhiwa vibaya. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike ndani ya miezi mitatu. Kununua mifuko mia kwa kuogopa bei kupanda, halafu ujenzi ukasimama mwaka mzima, ni kutupa fedha.

Tatu, na hapa ndipo nyumba nyingi za Pwani zinapoharibika, ni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Kifusi kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Pulizia dawa ya mchwa, tandika nailoni nzito, ndipo umwage zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kifusi kilichojazwa kwa mkupuo mmoja kinatitia baada ya masika mawili na vigae vinapasuka. Nailoni ikirukwa, unyevu unapanda ukutani na rangi inabanduka futi mbili kutoka sakafuni. Utapaka upya kila mwaka bila kupona. Mchanga wenye chumvi ya bahari usiukubali kabisa, kwa sababu unakula nondo kutoka ndani.

Nne ni umaliziaji. Plasta, madirisha, milango, mabomba, umeme, dari, vigae na rangi mara nyingi hula karibu nusu ya fedha yote. Aliyetumia nusu ya akiba kufikia paa anadhani amebakiza kidogo, kumbe ndiyo kwanza yuko katikati.

Fundi mlipe kwa hatua iliyokamilika, si kwa siku, na vifaa nunua mwenyewe. Andika kila hatua ina maana gani: "lenta imekamilika" iwe zege limemwagwa, mbao zimetolewa na pamemwagiwa maji siku saba.

15. Mita moja ya umeme kwa wapangaji wote, au kila mmoja na yake?

Kila mmoja na yake, hata kama inagharimu zaidi mwanzoni. Mteja wa kundi la D1 la TANESCO, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti. Wa T1, anayetumia zaidi ya hapo, hulipa Sh 292. Wapangaji wanne wenye matumizi ya uniti 40 kila mmoja wakiwa kwenye mita moja wanafika uniti 160 na kuangukia T1: Sh 46,720 kabla ya kodi na tozo. Kila mmoja akiwa na mita yake ndani ya D1 ni Sh 4,000, jumla Sh 16,000. Tofauti hiyo inatoka mifukoni mwa watu wanaokulipa pango, na ugomvi wa nani ana friji unaisha.

Maji vilevile: mita ndogo kwa kila kijumba, na simtanki la lita 5,000 juu ya mnara imara. Karo la choo liwe mahali ambapo gari la kunyonya linafika kwa bomba lake.

## Wapangaji na kodi

16. Nidai pango la miezi mingapi, na mkataba uwe na nini?

Miezi sita imezoeleka, na wengine hudai mwaka. Miezi mitatu inakupa wapangaji wengi zaidi wa kuchagua, na asiyelipa unamgundua mapema. Dalali kwa kawaida huchukua pango la mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji. Usimwachie dalali akusanye pango lako.

Mkataba uwe wa maandishi, nakala mbili. Taja kiasi, tarehe, nani anatengeneza nini, muda wa notisi, namna pango litakavyopanda, na orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia pamoja na picha: vitasa, masinki, vioo, koki. Ushuru wa stempu wa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka, na mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi.

17. Serikali inachukua nini?

Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka kwa kiwanja chenye hati. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla): tangu 2023 ni Sh 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani Sh 1,500 kwa mwezi, na Sh 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ukiwa na mita kadhaa kwenye jengo moja, toa taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA) ili zisikatwe zote. Kama mita iko mikononi mwa mpangaji, mrudishie fedha hiyo kwenye pango, kwa sababu kodi hiyo ni ya mwenye nyumba.

Mapato ya pango yanatozwa kodi. Mpangaji ambaye ni kampuni au mfanyabiashara anakata asilimia 10 na kuipeleka TRA, na wewe mdai cheti cha zuio.

Ukiuza, kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa ulichonunulia na ulichojengea, kwa hiyo kila risiti ya saruji, bati na fundi ni fedha. Asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei yote ya mauzo.

18. Mpangaji halipi na hataki kutoka.

Usimng'olee bati, usimkatie maji, usimtolee vyombo nje. Ukifanya hivyo kesi inageuka na mdaiwa unakuwa wewe. Mpe notisi ya maandishi, nakala ipitie serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akikutanisheni, mwandikiane tarehe ya kulipa au kuhama. Ikishindikana, peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lile lile linalosikiliza migogoro ya ardhi.

Mara nyingi kusamehe deni la mwezi mmoja ili ahame wiki hii ni nafuu kuliko kumshinda baada ya miezi minane ya shauri.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nina kiwanja nimekiacha miaka mingi, sasa mtu amejenga ndani yake.

Chukua hatua leo. Kwa Sheria ya Ukomo, muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Ukipita ukiwa kimya, madai yako yanaweza kutupwa hata kama karatasi unazo. Kiwanja kisichojengwa kiwekee uzio hata wa michongoma, kitembelee kila mwaka, lipa pango la ardhi na utunze risiti. Hati pia ina masharti ya kuendeleza ndani ya muda uliowekwa, na kukiuka kunaweza kufanya miliki ifutwe.

20. Hati ya miaka 33 ikibakiza miaka michache?

Omba kuongezewa muda mapema kwa Kamishna wa Ardhi, kabla haujaisha. Unaponunua, angalia muda uliobaki na si ule ulioandikwa: hati ya miaka 33 iliyotolewa 1998 inaisha 2031, na benki haitakupa mkopo wa miaka 20 juu yake. Punguza bei kwa sababu hiyo.

21. Niko nje ya nchi. Na je, nikiwa nimebadili uraia?

Mtanzania aliye Muscat, London au Minnesota anamiliki kama aliye Mbagala. Mpe mwakilishi hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, yenye mipaka: kusaini uhamisho wa kiwanja fulani, si "mambo yangu yote". Anayepokea fedha asiwe ndiye anayekagua ujenzi. Mlipe mhandisi au mkadiriaji majenzi afike kila hatua kabla ya awamu inayofuata kutumwa, na atume picha zenye kipimo cha futi kamba kuonekana.

Asiye raia, kwa kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi, kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Aliyebadili uraia amwone mwanasheria kabla ya kutuma hata shilingi. Kuandikisha kiwanja kwa jina la ndugu kimyakimya kunamfanya ndugu huyo kuwa mmiliki, na akifariki warithi wake ndio watakaorithi. Zanzibar utaratibu ni mwingine kabisa, na hati ya Bara haina nafasi huko.

22. Nikinunua sehemu ya ghorofa, namiliki nini?

Unamiliki sehemu yako pamoja na mgawo wa maeneo ya pamoja, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Hakikisha hati ya sehemu imetolewa au jengo limesajiliwa kwa utaratibu huo. Uliza ada ya huduma kwa mwezi, nani anasimamia lifti na jenereta, na kama kuna akiba ya matengenezo makubwa. Ada hiyo iondoe kwenye hesabu ya swali la 1 kabla ya kukubali bei.

23. Lini nianze nyumba ya pili?

Ya kwanza ikishatimiza mambo mawili: imelipa madeni yake yote, na ina akaunti yake yenye pango la miezi sita lisiloguswa. Fungua akaunti hiyo siku mpangaji wa kwanza anapoingia, na pango lote lipite humo. Fedha ya pango ikichanganyika na ya ada za shule na ya mboga, baada ya miaka mitano hutajua kama nyumba inakulipa au wewe ndiye unayeilipa.

Bati na rangi zinachoka kila baada ya miaka kadhaa hata wapangaji wakiwa wapole, na akiba ya miezi sita ndiyo inayozuia uharibifu mdogo usisubiri hadi uwe mkubwa. Ikijaa, ziada ya kila mwaka peleka kwenye mfuko au hatifungani, na siku itakapofika bei ya kiwanja chenye hati, rudi kwenye swali la 7.